Sauti Kabla ya Wimbo

Utepe ulikatika mara tu geti lilipolia.

Mkaza mwana alibaki amepiga magoti mbele ya redio kaseti, mashine imeutapika utepe wote mikononi mwake. Mama mkwe amewahi kurudi kutoka kliniki.

Nyimbo hizo alikuwa akizisikiliza kwa siri kila mchana mama mkwe alipolala. Waimbaji wenyewe ni watu wazima waliokula chumvi: wazee wa magitaa wakiimba habari za mashamba na garimoshi, na mama mmoja mwenye sauti laini kama pamba. Aliyemshika moyo zaidi ni mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Hana pupa. Analiacha gitaa limalize la kwake, ndipo naye aseme, kama mtu anayezungumza na mkewe mezani.

Lakini kabla ya wimbo huo palikuwa na sauti nyingine. Marehemu baba mkwe alipounasa kutoka redioni, kinasa sauti kilimnasa naye akimwita mkewe. Hapakuwa na sauti yake nyingine iliyobaki duniani.

Leo mkaza mwana alitaka kuurudia wimbo, akabonyeza kitufe cha kurudisha nyuma. Mama mkwe hakukigusa kamwe. Yeye aliizungusha kaseti kwa kalamu, polepole, maana mashine ile ilikuwa mla tepu.

"Jamani, mbona kimya? Mmehama?"

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akautazama utepe. Mkoba ukamteleza begani.

"Imekatika wapi?"

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Nimeuliza wapi."

"Kwa yule mzee. Mwanzoni."

Mama mkwe akavuta kiti. "Lete bisibisi ya cherehani na mkasi. Na ukome kulia. Machozi yakidondokea tepu, tumekwisha."

Akaifungua kaseti. Kipande cha urefu wa mkono kilikuwa kimekunjamana. "Kikibaki, kitakwama tena," akasema, akakikata. Mikono iliyoshona nguo za mtaa mzima sasa ilishindwa; ncha zikamponyoka mara mbili.

"Shika hapa, wewe mwenye macho."

Wakaziunganisha pamoja kwa karatasi ya gundi. Mama mkwe akafunga kaseti, akabonyeza.

Mkwaruzo. Kikohozi cha mwanamume. "Mama watoto, njoo..." Papo hapo, gitaa.

Mkaza mwana akakitazama kile kipande kilichokatwa.

"Si neno," mama mkwe akasema. "Alisema, njoo... njoo..." Uso ukambadilika. "Njoo nini? Miaka yote nilimwachia aseme mwenyewe. Sikuyashika maneno yake."

Mzee wa kwenye kaseti akaanza kuimba. Mkaza mwana akajua kwamba akifungua kinywa, mama mkwe atatambua kuwa hakuigusa mashine leo tu. Akatazama ile mikono mapajani, imefumbatana.

"'Njoo, mpenzi wako ameanza kuimba,'" akasema kwa sauti ndogo. "'Ziache hizo sufuria, hazina miguu.'"

Mama mkwe akageuka. Akamkazia macho.

"Umeisikiliza mara ngapi?"

"Kila siku, mama."

"Kila siku." Midomo ikamcheza. "Na hapo kwenye sufuria, alikuwa anacheka."

"Ndiyo, mama. Anacheka kidogo, halafu anakohoa."

Mama mkwe akapunguza sauti ya redio, akamsogezea kiti kwa mguu.

"Sema tena."