Meli Iliyonyolewa Upande Mmoja

Kinyozi anayejulikana mtaani kwa jina la Profesa alivunjika kifundo cha mkono wa kulia akiwa kazini, katika utumishi wa umma. Utumishi wenyewe ulikuwa huu: mteja mmoja alibisha kwamba mtu aliyevuka miaka arobaini hawezi kupiga tikitaka, ule mkwaju wa kichwa chini miguu juu, na Profesa, ambaye hajawahi kuuacha ubishi ulale na njaa, aliweka mkasi chini akaruka hewani kati ya viti viwili vya saluni. Mguu ulipanda vizuri sana, na mashahidi wapo. Upungufu ulijitokeza katika kushuka.

Plasta ilikaa wiki saba. Ilipotolewa, mkono ulichomoza mwembamba kama wa kuazima, na vidole vilitetemeka kila vilipoombwa kazi ndogo. Profesa aliukagua akatangaza kwamba uko tayari. Dada yake mkubwa, mwenye saluni, mwenye funguo na mwenye neno la mwisho tangu utotoni, alimpa kiberiti.

"Washa."

Njiti tatu zilivunjika. Ya nne iliruka ikaangukia kwenye kikombe cha chai cha mteja.

"Na huo ndio mkono unaotaka kuupitisha na wembe kwenye koo la mtoto wa watu?"

"Dada, koo si kiberiti."

"Ndiyo maana nauliza. Kiberiti nitanunua kingine."

Kule hospitali, mtaalamu wa mazoezi alikuwa amemshauri atafute kazi ndogondogo za vidole, kwa mfano kufuma sweta. Profesa alimjibu kwa heshima zote kwamba hafumi, ana jina la kulinda. Alikwenda dukani akarudi na sanduku la meli ya mbao ya kuunga mwenyewe, yenye milingoti miwili, urefu wake kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mpaka siku hiyo, kitu pekee alichowahi kutengeneza mwenyewe ni kisingizio.

"Nikiimaliza kwa mkono huuhuu," alimwambia dada yake, "unirudishie kiti changu."

Kiti hicho ni cha dirishani, chenye mwanga mzuri kuliko vyote, na kinyozi mwingine wa mtaa wa pili alikuwa amepita mara mbili kukiulizia. Dada alifikiri kidogo.

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nitaikagua mwenyewe. Isipokwisha, au ikiisha kama ilivyoisha tikitaka, kiti kimepata mtu."

Profesa aliiteka meza ya kulia chakula. Alitandaza shuka jeupe la saluni, akapanga gundi, msasa, kibano na kisu kidogo kwa mstari, akasafisha kila kimoja kwa spiriti kana kwamba meli ingeweza kupata maambukizi. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa na kurasa ishirini na nne. Alisoma tatu, akaona anaelewana nacho kimsingi, akakitia chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Mwanzo ulikuwa wa heshima. Alisimamisha mkuku, ule ubao mrefu ambao ndio uti wa mgongo wa meli, akachomeka mataruma, yaani mbavu zake, moja baada ya nyingine. Ikabaki kazi ya kuuvika ubavu ngozi: vipande vyembamba vya mbao, kumi na vitano kila upande, vya kuloweka, kupinda, kutia gundi na kubana kwa vibanio vya nguo.

Hapo ndipo mafunzo yake yalipomponza. Kinyozi aliyefunzwa vizuri humaliza upande mmoja wa kichwa ndipo ahamie wa pili, maana ukirukaruka huku na huku mstari unakupotea na mteja anaondoka na vichwa viwili. Kwa hiyo Profesa alianza upande wa kulia wa meli, akashuka nao kipande kwa kipande hadi chini, bila kuugusa wa kushoto. Kipande cha kwanza kilimchukua asubuhi nzima na kilimdondoka mara sita. Kufikia cha kumi vidole vilikuwa vinatii kama wanafunzi waliomwona mwalimu wa zamu.

Siku ya tano upande ukakamilika, laini kama shavu la bwana harusi. Profesa, kwa mazoea, alichukua kioo cha mkononi akamshikia mteja wake kwa nyuma.

Akatazama. Akakifuta kioo. Akatazama tena.

"Mke wangu, njoo kidogo."

Mkewe alikuja akiwa na mwiko mkononi. Aliinama, akafumba jicho moja.

"Ndizi."

"Ni meli."

"Kwa mbele ni meli, baba. Kwa nyuma ni ndizi."

Mkuku ulikuwa umepinda. Kila kipande kilipokauka kilivutia kulia, na kushoto hakukuwa na mwenzake wa kuvuta upande wake. Mkewe alichomoa kijitabu chini ya meza, meza ikainama na chai ikamwagika, akafungua ukurasa wa tisa.

"'Bandika kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto.' Herufi nzito. Na wameweka alama ya hatari."

"Wangeiweka ukurasa wa tatu," alisema Profesa.

Zilibaki siku tisa. Alizipima njia zote zilizo wazi kwa mtu muungwana. Angeweza kuegemeza meli ukutani, upande mzuri nje, lakini dada yake ni mtu wa kuzunguka meza. Angeweza kupaka rangi nyingi, lakini rangi hainyooshi mgongo wa mtu. Mwishowe alisimama, akakunja mikono ya shati.

"Naubomoa."

"Wote?" mkewe aliuliza.

"Wote. Chemsha maji."

Jambo moja hakuna wa kumfundisha: taulo la moto. Alilikamua, akalilaza juu ya ubavu wa meli kama anavyolilaza juu ya ndevu ngumu, akasubiri. Gundi nyeupe ikalainika. Akapitisha ubapa wa kisu chini ya kipande cha kwanza, polepole, kikanyanyuka kizima. Kufikia jioni vyote vilikuwa vimetoka. Viwili tu vilipasuka, na sanduku lilikuwa na vitatu vya akiba. Mkuku ukafungwa kati ya rula mbili, ukalala siku mbili chini ya kamusi. Halafu akaanza upya: kimoja kulia, kimoja kushoto. Ilimuuma, ilikuwa kama kunyoa watu wawili wasioelewana, lakini meli ilisimama wima.

Jumamosi aliibeba mpaka saluni. Wateja watatu walikuwepo, na yule kinyozi wa mtaa wa pili alikaa kwenye benchi, mkoba wa mikasi magotini. Dada aliizunguka meli mbele, nyuma, akachungulia hata chini. Akapitisha kidole ubavuni.

"Hapa kuna bonde."

"Lipo," Profesa alisema. "Na huku kuna jingine, hukuliona."

Dada alilitazama hilo la pili, kisha akamtazama yeye.

"Kamba hizi za milingoti umezifunga lini?"

"Juzi na jana."

"Umekaa kwako, umetulia, hakuna anayekuangalia." Akachukua mkasi kwenye rafu, akakata kamba moja ya mlingoti wa mbele. Benchi zima likaguna. "Funga. Sasa hivi."

Profesa aliulowesha uzi kwa ulimi. Aliegemeza kifundo kwenye ukingo wa meza, akatuliza kidole cha mwisho ubavuni mwa meli kama anavyokituliza kwenye shavu la mtu. Kidole kilitetemeka. Hakugombana nacho, alingoja. Mtetemeko ukapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Uzi ulilikosa tundu la mlingoti mara moja, mara ya pili ukaingia. Akaupiga fundo, akaukaza, akaikata ncha.

Dada alilivuta fundo kwa ukucha. Halikulegea.

"Ndugu yangu, utanisamehe," dada alimwambia kinyozi mgeni. "Kiti kina mwenyewe."

Yule bwana alipokea kwa upole, akatia mkoba begani, akafika mlangoni. Pale akasimama akijipapasa kidevu.

"Sasa Jumatatu naenda kuomba kiti kwingine," alisema, "na siwezi kwenda hivi. Wenyewe mnajua, kinyozi hajinyoi."

Akarudi, akakaa kiti cha dirishani, akalaza kichwa nyuma na kuacha koo wazi.

Profesa alimfunga shuka, akampaka povu, akafungua wembe. Dada alikuwa amesimama karibu sana, macho kwenye koo la mtu.

"Dada," alisema Profesa bila kugeuka, "unanikingia mwanga."

Dada akasogea.