Mgonjwa Aliyepasua Gauni

Mwaka ule wa unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, kijiji kizima kilikonda isipokuwa Kazija. Wanaume walikaza mikanda mpaka matundu yakaisha. Hata paka wa duka la ujamaa, ambaye hakuna aliyejua anakula nini mle ndani, alitokeza mbavu. Lakini Kazija, aliyekwenda Dar es Salaam kukatwa titi lenye ugonjwa, ndiye aliyerudi na mashavu. Na kila alipokwenda tena kuchomwa sindano zake alirejea amezidi. Siku moja, kwenye palizi ya shamba la pamoja, aliinama kung'oa gugu, gauni likaachia mgongoni, praa! Mstari mzima wa wanawake ukasimamisha majembe.

"Ugonjwa gani huo jamani?" akauliza mmoja. "Na mimi niugue!"

Wapo waliokwisha kumwandalia matanga mioyoni mwao, nao walimtazama kama mtu aliyewadhulumu.

Aliyefurahi ni mama mkwe wake. Bibi huyo alikuwa na macho ya kuhesabu kamba ya nguo, akagundua kwamba mkwe hafui tena vitambaa vyake vya mwezi. Akajumlisha tumbo na vitambaa, jibu likatoka mjukuu. Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimeshafika kisimani, na jioni zikarudi zimeongezeka: pacha.

Kazija alijua kuwa hakuna mtoto. Yustina, nesi wa kule hospitali, alimweleza mapema: "Dada, dawa hizi zinaweza kukata damu ya mwezi. Wengine hukonda kama ufito, wengine hunenepa kama wewe, na vidonge vya kuzuia kutapika vinaleta njaa. Usione umenenepa ukadhani umepona. Usiache sindano hata moja."

Basi kwa nini hakusema? Miaka yote ya ndoa bila mtoto, mama mkwe alimwita "huyo". Mwambieni huyo alete maji. Sasa alikuwa "mwanangu", na mwanangu anatengewa kiti. Likwata, mumewe, mtu asiyejua kuchekea watu, alikuwa akipiga mluzi chooni. Kazija akasema ngoja nionje leo tu, kesho nitasema. Kesho ikazaa kesho nyingine. Na utamu ule ulikuwa na masharti: asisimame mlangoni, asile mayai, mtoto asije akazaliwa kipara. Kazija akajishika kilemba. Chini yake nywele zake mwenyewe, zilizopukutishwa na sindano, zilikuwa za kuombea dua.

Kisha likaja baya zaidi. Akaanza kuamini. Alikuwa akikaa hakaliki, akisimama hatulii. Alifagia uwanja uliofagiwa, akaenda nyuma ya nyumba kujibonyeza tumbo, akarudi, akaenda tena. Pengine nesi amekosea? Pengine Mungu ameamua? Na wakati huo mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Likawage, na habari zikaja kwamba kesho lori linakuja kuchukua korosho za kupeleka Dar es Salaam, na sindano yake nyingine ilikuwa imefika. Likishapita hilo, mvua ikinyesha, barabara ya Ndundu inafungwa, na Dar es Salaam inakuwa mbali kama Maka.

"Mimba haipandi lori," akakata shauri mama mkwe. "Sindano za nini? Mtu amepona, mtazameni!"

Jioni ile akaja Bi Kadija, bibi yake Likwata, mzaa baba. Kwa desturi ya utani wa bibi na mjukuu, Likwata ni mumewe, na Kazija mke mwenzake, kwa hiyo aliingia kwa ugomvi.

"Hodi, mwizi wa waume. Nimekuja kuona umefika wapi."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini, mwanamke mwenzangu? Unataka kunizeesha kwa mume?" Akaketi, akamtia mkono tumboni, akabonyeza kama anayechagua papai. "Anacheza?"

Kazija akavuta kanga akajifunika.

"Hachezi. Mtoto gani huyu mwenye adabu namna hii? Ukoo wetu hauna watu hao."

Kazija akacheka. Kicheko kikamgeukia, machozi yakatoka. "Bibi, hamna kitu. Ni dawa."

"Najua. Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Nisemee wewe, bibi. Wewe hawakukasirikii."

"Ndiyo maana siwezi," akasema Bi Kadija, na safari hii hakucheka. "Mimi nikipiga kelele kwamba nyumba inaungua, watu wanaleta mihogo wachome. Hili halitaki mtani. Litoe mwenyewe."

Asubuhi lori likapiga honi ghalani. Kazija akamkuta mama mkwe amekaa juu ya mfuko wake wa safari, amekunja mikono. Akatoka bila mfuko. Mama mkwe akamfuata akipiga yowe mpaka kwenye ghala, wapakiaji wakaacha kazi, maana wakwe wakigombana ni sinema ya bure.

"Mwambie mkeo!" mama akamwambia Likwata, aliyekuwa na gunia la korosho mgongoni. "Anataka kumwaga mwanao njiani!"

"Mama," akasema Kazija, "hamna mtoto humu."

"Astaghafiru!"

"Hamna. Ni dawa iliyoninenepesha, na damu imekatwa na sindano. Nilinyamaza kwa sababu uliniita mwanangu."

Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo: "Na hiyo damu itarudi?"

"Hawajui. Na nikikosa sindano hii, ugonjwa ndio utakaorudi."

Likwata hakutua gunia. "Hakuna kabisa?"

"Hakuna, Likwata."

Akalibwaga gunia ndani ya lori kwa kishindo, kama lina makosa. Akapanda. Watu wakadhani anakwenda kujificha. Wakasikia magunia yanaburutwa huku na huku, na alipoinua kichwa alikuwa ametengeneza kishimo katikati, cha mtu mmoja mnene.

"Panda," akasema. "Upande huu hauna msumari."

"Na mfuko wangu?"

"Mwacheni mama akae nao," akasema Bi Kadija, aliyekuwa amelifuata yowe mpaka pale. "Nguo zenyewe hazikuingii tena. Nenda, mke mwenzangu, mume nitamlisha mimi. Usiharakishe!"

Wapakiaji wakamsukuma Kazija juu, watatu, wakihema kuliko walivyohemea korosho. "Hili lipimwe kwenye mizani!" akasema mmoja, na Likwata akamtazama mpaka yule akarudi kwenye magunia. Mama mkwe alikuwa ametazama pembeni, lakini hakuwa ameondoka.

Chini, dereva alikuwa bado anamsimulia mtu wa duka habari za Nangurukuru alikopita. Tone likampiga Kazija mkononi. La pili shingoni. Akaangalia juu, akatambaa juu ya magunia mpaka mbele, akaanza kupiga paa la lori kwa viganja vyote viwili.

"Dereva! Twende! Mtaongea ukirudi, twende!"