Yaliyonaswa Baada ya Maswali

Yule binti wa chuo alipoingia chumba chetu cha kufulia kwa mara ya kwanza, nilimchukia papo hapo, na kosa lake lilikuwa moja tu: alikuja na karatasi. Mimi na karatasi hatuivi chungu kimoja. Nina miaka kumi na minne nikipanga na kupiga pasi mashuka ya hospitali kubwa, kila mtu ananiita Mama Pasi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyejua kwamba sijui kusoma hata herufi moja. Marehemu mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa akijua.

Kila shuka lina lebo inayosema ni la wodi gani. Lebo zenyewe kwangu ni michoro ya kuku anayechakura. Lakini kazi yangu ni pamoja na kushona mashuka yaliyochanika, kwa hiyo tangu zamani nilijiwekea utaratibu: pembeni kabisa, kwenye pindo, natia uzi mwekundu kwa ya chumba cha upasuaji, bluu kwa ya watoto, njano kwa ya wazazi. Shuka jipya likija, namtuma mwenzangu wa mashine ya kukamua: "Hebu nisomee hilo, mikono yangu ina maji." Nikishatia uzi, limekwisha kuwa langu. Sijawahi kukosea hata siku moja.

Niliyekuwa namwogopa ni msimamizi wetu, ambaye tunamwita Mzee Funguo kwa sababu ya lile tita linalomning'inia kiunoni. Mwaka juzi kijana mmoja alipeleka mashuka ya watoto kwenye upasuaji. Mzee Funguo akaja juu, akamfukuza mbele yetu sote, akapiga kelele: "Kama huwezi kusoma lebo, nenda nyumbani!" Kijana akaenda. Mimi nilibaki nimeshika pasi, jasho linanitoka, na sababu haikuwa joto la pasi. Tangu siku ile nilikuwa nikisikia funguo zinakuja, naiinamia pasi.

Sasa huyu binti. Mwembamba, begi kubwa kuliko mgongo, sauti ya kuombaomba. Akatueleza kwamba anasoma namna ya kufanya utafiti, ule wa kimaelezo, ambao hauhesabu watu wangapi wamesema ndiyo na wangapi wamesema hapana, bali unataka kujua mtu anaishije na kazi yake, kwa maneno yake mwenyewe.

"Yaani chuo kizima mnafundishwa kukaa na kusikiliza?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Na ni vigumu. Mwaka jana nilifeli."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka kidogo, kisha akatoa ile karatasi ya ridhaa na kicheko kikanikauka. Bahati nzuri, kanuni zao zinamtaka aisome kwa sauti. Ilisema kwamba majina yetu hayatatajwa, kwamba tunaweza kuacha wakati wowote, kwamba kitakachonaswa ni mahojiano tu na si kingine. Nikachora kile kimchoro changu ninachokiita sahihi.

Akabonyeza kinasa sauti chake, kidude kidogo kama kiberiti, akaanza. Maswali kumi na nane. Naionaje kazi yangu? Nzuri. Changamoto? Za kawaida tu. Uhusiano na wenzangu? Mzuri, tunashukuru. Nilimjibu kama mtu aliyesimamishwa mbele ya hakimu, na naona hata yeye alichoka, maana swali la kumi na saba alilisoma mara mbili. Mwishoni akabonyeza tena, akakitia kidude mfuko wa shati, akasema tumemaliza, ahsante sana.

Lakini hakuondoka. Alinifuata kwenye rafu, akashika ncha mbili za shuka bila kuambiwa, tukaanza kukunja. Tulikunja kama mashuka ishirini hivi, kimya, hatua mbele, hatua nyuma. Halafu akasema, taratibu tu, "Mama, mbona unashika pindo kwanza? Lebo huiangalii kabisa."

Miaka kumi na minne hakuna aliyeniuliza hilo. Watu wanatazama shuka, hawatazami mikono. Sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu alikuwa ameuliza kwa kutaka kujua kweli, bila kunikaba. Maneno yakaniponyoka: "Kwa sababu sijui kusoma, mwanangu." Nikamwonyesha nyuzi, nikamweleza na hofu yangu kwa Mzee Funguo. Nilipomaliza ndipo akili ikarudi. "Ukimwambia mtu, kazi sina."

"Simwambii mtu, mama."

Siku ya nne, Ijumaa asubuhi, karudi. Macho mekundu. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kupumzika, mashine moja tu ilikuwa ikinguruma. Akasimama mbele yangu kama mtoto aliyevunja sahani.

"Mama, nimefanya kosa."

Kumbe siku ile kidude kilijiwasha ndani ya begi kabla hajafika mlangoni, na yeye hakujua. Kwa hiyo kila alipobonyeza ili kukiwasha, alikuwa anakizima, na kila alipobonyeza ili kukizima, alikuwa anakiwasha. Maswali kumi na nane hayakunaswa hata moja. Kilichonaswa, kwangu na kwa wenzangu wote wanne, ni yale ya baada ya maswali.

"Nani amesikia?"

"Mimi peke yangu. Nilisikiliza mwanzo tu, nikaelewa, nikazima. Mwalimu wangu nimemwambia nina maneno ambayo sikuyaomba. Hata hakutaka kujua ni maneno gani. Kasema nirudi kwa wenyewe. Mwenye kukataa, nifute."

Nikampa vidonge vyake. Nilimwambia kwamba huko chuoni waanze kwa kuwafundisha kutumia swichi kabla ya kuwafundisha kuingia katika maisha ya watu. Nilimwambia kwamba nina watoto wawili shuleni na kwamba kidude chake kinaweza kuwatoa. Hakujitetea. Alisikiliza yote, mpaka pumzi ikaniishia.

"Futa," nikasema.

Akabonyeza. Akanielekezea kioo kidogo cha kidude chenye maandishi, nikamkata jicho, akaelewa upesi, masikini. Akakiweka sikioni mwangu. Nilisikiliza kwa muda mrefu, kimya kitupu, hakuna hata pumzi yangu. Nikavuta hewa mpaka chini kabisa.

Akachukua begi lake, akalitia mgongoni.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Nyumbani, mama. Kazi inatakiwa Jumatatu. Wale wengine wamekubali, lakini mimi nilikuwa naijenga kazi yote juu yako. Majibu ya wale wengine yalikuwa ya kunifurahisha tu, hata yako ya kwanza. Nitasema ukweli kwa mwalimu. Akiamua nimefeli, nimefeli." Alisema hivyo bila machozi, na bila kunitazama kwa lile jicho la kuomba. Kama angeniomba, ningemwacha aende zake.

Nilisimama na pasi yangu nikatafakari. Mtu alikuwa ameishika siri yangu siku nne nzima mfukoni, angeweza kufaulu nayo, na ameifuta kwa neno langu moja. Kwa mara ya kwanza niliiona siri yenyewe jinsi ilivyo, mzigo tu niliokuwa nimechoka kuubeba.

"Kaa hapo," nikamwambia. "Kiwashe. Na safari hii uitazame taa ya hicho kidude vizuri."

"Mama, si lazima."

"Nimekuuliza kama ni lazima?"

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Aliniuliza tena kama nimeridhia, nikasema nimeridhia, akaomba niseme kwa sauti, nikasema kwa sauti. Maswali yake kumi na nane hakuyatoa. Alisema tu, "Nieleze siku yako ya kwanza hapa."

Basi nikafunguka. Nilimweleza jinsi nilivyoletewa rundo la mashuka na kuambiwa nipange, na jinsi nilivyoenda chooni nikalia, kisha nikarudi na wazo la nyuzi. Mashine ilikuwa imefika kwenye kukamua, inatetemesha sakafu nzima, ikabidi nipaze sauti. Binti alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, na nikinyamaza hakuniharakisha, alingoja. Nikazidi kupaza sauti, na kwa kweli nilikuwa naona raha. Nikafika pale penyewe.

"Miaka yote hii," nikapiga kelele, "wanadhani nasoma lebo, na mimi SIJUI KUSOMA!"

Na mashine ikazima. Imemaliza mzunguko wake, tii. Neno langu la mwisho likabaki likizunguka kwenye kuta za vigae, na katika kimya kile nikasikia funguo.

Mzee Funguo alikuwa amesimama mlangoni na orodha mkononi. Nilijiona nimeshafika nyumbani na kanga yangu kwapani, nawaambia watoto.

Akaingia. Akamwangalia binti, akaangalia kidude, akaniangalia mimi.

"Hilo ndilo mnalopigia kelele?" akasema. "Nilidhani kuna aliyeungua."

Akainua ile orodha yake.

"Mama Pasi, siku yako ya kwanza nilikupa orodha ya mashuka. Uliishika kichwa chini miguu juu. Ukaipitia yote mpaka mwisho, ukaniambia iko sawa kabisa."

Binti akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ulijua?" nikasema. "Na yule kijana uliyemfukuza kwa sababu hajui kusoma?"

"Yule? Yule alikuwa na vyeti vya kujaza droo. Alikuwa mvivu, hakuangalia. Nilikuwa na hasira, nikasema lililokuja mdomoni." Akakuna shingo. "Kumbe ulilibeba wewe."

"Sasa mbona hukuniambia kama unajua? Miaka kumi na minne, bosi!"

Akachezea funguo zake.

"Ningekwambia nini? Nilijua ukigundua nimekuona utaona haya, utaacha kazi," akasema. "Na upasuaji hawajawahi kuletewa shuka lisilo lao tangu uje. Kila nikikukaribia nilikuwa naogopa nisije nikasema neno ukajua. Ndiyo maana huwa sikai sana humu."

Yaani mimi nikisikia funguo naiinamia pasi, na yeye akiniona anageuza njia. Nilitaka kukasirika, wallahi, nilikuwa na haki. Badala yake kilinitoka kicheko kutoka mahali ambapo sikujua bado pana kicheko, machozi nayo yakafuata. Nikakaa kwa uzito wangu wote juu ya rundo la foronya safi, zilizokwisha kupigwa pasi, kitu ambacho kwa kanuni zake mwenyewe Mzee Funguo ni marufuku, na hakusema neno.