Somo la Kubisha Hodi

Wiki ya mwisho chuoni hakuna tena kutambaa kwenye matope. Maafisa wanafunzi wanaokaribia kamisheni hufundishwa mambo ya watu wazima: kukaa meza moja na jenerali bila kumwaga mchuzi, kupokea silaha na kuzikabidhi, kumkemea askari mwenye umri wa baba yako bila kumvunjia heshima. Na liko somo moja ambalo hakuna aliyelipenda. Wenyewe waliliita somo la kubisha hodi. Unaambiwa askari wako fulani amekufa, askari wa kubuni, kisha unaingia kwenye chumba chenye meza na viti viwili, na pale amekaa mama yake. Unampa habari. Wenzako wanakutazama kutoka viti vya nyuma.

Mama wa kubuni alikuwa yule yule kila mwaka, mwalimu mstaafu wa mtaa wa nyuma ya kambi. Wote walimwita Mama Mwalimu. Alikuja na mkoba wake, akalia, akanywa chai na Meja aliyefundisha somo lile, akaenda zake. Wanafunzi walisema mama yule angeingia kwenye maigizo angekuwa tajiri.

Kijana mmoja aliyeitwa Brigedia hakuliogopa somo hilo. Jina alipewa na wenzake kwa sababu alianza kutembea kibrigedia kabla hata ya kuvishwa nyota ya kwanza. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, na buti zake zilimeta hata ungeweza kunyoa ndevu ukijitazama humo. Mkononi alivaa saa mpya. Dada zake walichanga wakamnunulia alipofaulu mitihani, naye akawa anaitazama hata kama hana miadi na mtu.

"Ukiendelea kuikodolea macho hivyo, kesho itakudai mahari," alisema Mfupa, jirani yake wa kitanda.

"Wivu tu huo."

Meja alikuwa ameshawaambia wazi: asiyefaulu kubisha hodi hapandi jukwaani Jumamosi kuvishwa nyota, hata kama risasi zake zote zilipiga katikati. Brigedia alisikia akatabasamu. Mama yake alikuwa ameshashona nguo ya siku hiyo, na mtaa mzima kule kwao ulikuwa umeshaonyeshwa hiyo nguo.

Zamu yake ilipofika aliingia kofia kwapani, akajitambulisha, akasema kama walivyofundishwa, bila kuzunguka.

"Mama, nimekuletea habari nzito. Mwanao amefariki."

Sauti ilitua vizuri mpaka Sajini aliyesimama mlangoni akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mama Mwalimu akaweka leso mdomoni, akainama, mabega yakaanza kutetemeka taratibu, bila kelele. Brigedia akasubiri. Walikuwa wamefundishwa kumpa mfiwa nafasi. Akampa nafasi. Nafasi ikawa ndefu. Akageuza mkono kidogo, akaangalia saa.

Kidogo tu. Jicho lilishuka likapanda.

Mama Mwalimu akaacha kutetemeka. Akainua uso, na uso ulikuwa umelowa kweli.

"Saa ngapi, mwanangu?"

Na yeye, mdomo ukiwa umetangulia akili, akajibu, "Saa nne na robo, mama."

Huko nyuma mtu alipaliwa na kicheko, halafu darasa zima likafuata, Mfupa naye ndani yake. Walicheka mpaka walipoona Meja hacheki. Mama Mwalimu alikunja leso yake, akaitia mkobani, akasimama. Alipofika mlangoni alimwambia Meja, kwa sauti ya mtu anayesema mvua itanyesha:

"Na yule aliyekuja kwangu kubisha hodi alitazama saa."

Akatoka. Hata chai hakunywa. Ndipo wakajua kwamba miaka yote ile yule mama hakuwa akiigiza.

Meja akamgeukia Brigedia. "Utarudia Alhamisi. Nyumbani kwake, kama atakubali. Akikataa, mpigie mama yako simu umwambie asisumbuke na safari."

Kuanzia chakula cha mchana jina lilibadilika. "Saa Ngapi, nisogezee chumvi." "Saa Ngapi, umeamkaje?" Naye akacheka pamoja nao, maana kambini ukinuna ndiyo umewapa kuni. Lakini kila walipomwita hivyo aliuona ule uso uliolowa.

Jumatano, baada ya mazoezi ya gwaride, aliomba ruhusa akaenda mtaa wa nyuma. Njia nzima alijiambia anakwenda kuomba radhi. Alipita kwa fundi viatu, akapita duka la kona, akafika kwenye lango la bati. Mama Mwalimu alikuwa uani akipepeta mchele. Hakumwambia akae.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona leo umekuja bila watazamaji?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa ile... kwa ile saa."

"Ehe."

Angeishia hapo, labda angerudi kambini na nusu ya heshima yake. Lakini ulimi ukateleza mbele. "Na hiyo kesho, mama. Mama yangu mzazi anasafiri, ameshajiandaa. Nilikuwa naomba tu, ukiweza..."

Mama Mwalimu aliweka ungo chini. "Umekuja kuomba radhi au umekuja kuomba maksi?"

Masikio yalimwaka moto. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba hakuwa amelijua jibu mpaka alipoulizwa, na alipoulizwa alilijua papo hapo.

"Vyote, mama," alisema, kwa sauti ambayo hata kuruta wa siku ya kwanza angeikana.

"Afadhali umesema. Njoo kesho."

Alhamisi akaenda amevaa rasmi, Meja na Sajini nyuma yake. Saa aliiacha kwenye sanduku chini ya kitanda. Walipoingia mtaani, fundi viatu alisimamisha nyundo hewani. Dukani mtu alipunguza redio. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo aliwaona, akasimama, akawafuata kwa macho aone wanaingia lango gani, huku midomo yake ikisema kitu bila sauti. Watu wale walijua sare ya namna ile inapopita mitaani inapeleka nini. Brigedia alitamani awaambie ni mazoezi tu, jamani, hakuna aliyekufa. Kisha akakumbuka kwamba kwenye lango lile aliyekufa yupo. Alitamani ardhi impokee.

"Hodi."

"Karibu."

Mama Mwalimu alikuwa akianua nguo. Brigedia alisema maneno yale yale ya mara ya kwanza. Mama hakulia. Alibandua kibanio kwenye kamba.

"Nani alimfumba macho?"

Hilo halikufundishwa. "Sijui, mama."

"Alikuwa ameshakula siku hiyo?"

"Sijui."

"Unajua nini wewe?"

"Najua amefariki. Hayo mengine nitayauliza, nirudi nikwambie."

"Yule naye alisema atarudi."

Miguu yote miwili ya Brigedia ilitaka lango. Mama Mwalimu alivuta shuka kubwa, akajaribu kulikunja peke yake, pembe moja ikaburuta vumbini. Brigedia akaweka kofia yake juu ya jiwe la kufulia, akashika pembe mbili. Wakalinyoosha, wakasogeleana, vidole vikagusana, wakaachana. Wakakunja na la pili. Wakakunja foronya, kanga, suruali moja ya kiume iliyopauka ambayo hakuna mtu mle ndani wa kuivaa. Kwenye lango Meja alikohoa. Brigedia alimsikia, hakugeuka.

Kikapu kilipojaa, mama alisema, "Nenda sasa." Na kwa Meja akasema neno moja: "Amebaki." Kuhusu radhi hakusema kitu, wala Brigedia hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi alivishwa nyota. Mama yake, ndani ya ile nguo mpya, alizipangusa kwa ncha ya kitambaa kana kwamba jeshi lilizileta chafu. Mfupa akapita karibu, naye begani ana zake, amejaa furaha.

"Luteni Saa Ngapi! Hongera, kaka!"

Mama akacheka. "Saa Ngapi tena? Mbona wanakuita hivyo? Na saa yenyewe iko wapi, dada zako wataniuliza."

Angeweza kusema ni utani wa vijana. Mama angeamini, angefurahi, angepanda basi lake.

"Kaa kwanza, mama, nikueleze."

"Basi halitaniacha?"

"Bado mapema," alisema, bila kutazama mkono.

Akamvutia kiti, akaanza kusimulia, chumba, leso, mabega yale. Alipofika kwenye saa nne na robo, mkono wa mama yake uliokuwa ukipangusa nyota ukasimama, kisha ukashuka ukalala mapajani. Mama hakumtazama. Luteni akaendelea.