Punguza Njano

Dawa ya kuoshea mashine ilikuwa na harufu tamu, na hapo ndipo kinyaa chenyewe kilipoanzia. Ingenuka kama mzoga, mtu angejua anakimbia nini. Lakini ilinukia kama pipi iliyoyeyuka juani, na Baba Pacha alikuwa akiivuta tangu asubuhi, ameinama katikati ya rola za mashine ya chapa, kitambaa mkononi, mkono umelowa mpaka kiwikoni. Alipomaliza kusugua alitema mate kwenye ndoo. Mate nayo yalikuwa matamu.

Madirisha ya chumba kile yalizibwa zamani kwa mbao. Upepo huleta vumbi, unyevu hulegeza karatasi, na karatasi ikilegea rangi hazikai moja juu ya nyingine. Kwa hiyo karatasi ilitunzwa kama mgonjwa wa kitajiri, na binadamu waliokuwa humo wakavuta walichokikuta. Glavu waliwahi kuletewa. Dawa ikaziyeyusha mikononi mwao, zikanata kama makamasi, na Bosi akasema hana fedha ya kununua makamasi.

Baba Pacha akaanza kujikuna. Shingo, tumbo, viganja, mpaka nyayo. Kuwashwa kwenyewe hakukuwa na upele wala uvimbe, kulitoka ndani, na kucha zilipofika juu ya ngozi ziliikuta ngozi haina kosa. Alijikuna hata hivyo, mpaka shati likapata madoadoa ya damu.

"Utajimenya kama kiazi, Baba Pacha!" Mama Gundi alimpigia kelele kutoka upande wa pili wa pazia la nailoni, alikokuwa akibandika majalada ya vitabu. "Kikulacho ki nguoni mwako. Vua tumtafute!"

"Nikivua mimi, nani atafanya kazi humu?"

Wakacheka. Kisha Mama Gundi akalifunua pazia, brashi ya gundi mkononi, akamtazama vizuri chini ya taa, na kicheko kikamkauka.

"Macho yako yameiva," alisema. "Ya Mrefu yalianza hivihivi."

Mrefu ndiye aliyeiendesha mashine ile kabla yake. Macho yalimgeuka njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, tumbo likajaa, akafa. Kiwanda kilisema marehemu alikuja na ugonjwa wake kutoka nyumbani. Hata hivyo utu haukukosekana: ratiba ya mazishi yake ilipigwa chapa bure, na aliyeipiga ni Baba Pacha, kwenye mashine ileile, akaosha kwa dawa ileile.

Sasa ilikuwa zamu ya Baba Pacha kuomba matibabu. Kiwanda kilitakiwa kumtibu mtu aliyeumia kazini. Hilo Bosi hakulikana. Alichokana ni kwamba Baba Pacha ameumia kazini. Daktari wa kiwanda alimbonyeza tumbo kwa vidole viwili, akainusa pumzi yake, akasema ni pombe. Pombe! Mtu ambaye harusini hunywa soda moja, tena haimalizi. Mtaani maneno yakaenea, na mkewe akawa hapiti dukani bila kusikia wanawake wakinyamaza ghafla.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Mama Pacha alikuwa akimwambia, na kwa mumewe methali hiyo haikuwa methali tena. Tumbo lilimuuma kweli, upande wa kulia, chini ya mbavu. Alichokitaka ni kimoja tu: apelekwe hospitali kubwa kabla hajafika alikofika Mrefu.

Kazi ya siku ile ilikuwa kalenda ya kiwanda, ya kugawiwa wateja na ofisi za serikali. Zabuni ya vitabu vya shule ilikuwa karibu, na Bosi alitaka jina lake lining'inie kwenye kila ukuta wa ofisi yenye mtu mwenye muhuri.

Pleti ya chapa ni bati jembamba. Ukilipapasa hukuti herufi iliyoinuka wala iliyochimbwa. Ujanja wote uko kwenye maji na mafuta: penye picha hupokea wino, pasipo picha hupokea maji, na viwili hivyo haviingiliani. Pleti huipa rola ya mpira ile picha, nayo huiweka kwenye karatasi. Mashine ile ilikuwa na vyumba vinne, kila kimoja na rangi yake, nyeusi, buluu, nyekundu na njano, vitone juu ya vitone, mpaka mtu atokee. Siku hiyo mtu aliyetokea alikuwa Baba Pacha mwenyewe.

Mpiga picha alikuja wiki iliyotangulia, na mfuko wa glavu nene na barakoa yenye vichungi viwili. Baba Pacha akavishwa glavu, barakoa akaning'iniziwa shingoni ili tabasamu lionekane, akapigwa picha kando ya mashine, kisha akavuliwa vyote vikarudi mfukoni. Jasho lake lilikuwa bado halijakauka ndani ya glavu hizo dereva alipozirudisha zilikoazimwa. Chini ya picha paliandikwa kwa herufi nene: AFYA YA MFANYAKAZI KWANZA. Juu yake alikaa Bosi, katika picha yake mwenyewe, ameshika kikombe cha dhahabu.

Karatasi za kwanza zilipotoka, Bosi aliingia na leso puani. Hakuwahi kuingia chumba kile bila leso. Yeye ni mtoto wa mpiga chapa, amekulia katikati ya rola, na ile harufu tamu aliijua toka utotoni kuliko wote waliokuwa wakiivuta.

"Huyu nani?" aliuliza, kidole kwenye karatasi.

"Mimi, Bosi."

"Najua ni wewe. Nauliza haya macho ni ya nani."

"Yangu."

Bosi aliiinua karatasi kwenye taa. Ngozi ilikuwa imetoka vizuri, glavu zimetoka vizuri, mashine inang'aa. Katikati ya uzuri wote huo kulikuwa na macho mawili ya rangi ya kiini cha yai.

"Punguza njano."

"Njano iko sawa, Bosi. Tazama vipimo hapo pembeni."

"Nimekwambia punguza. Sijakuuliza vipimo."

Baba Pacha akaenda kwenye chumba cha njano akakaza skrubu za wino. Mashine ikanguruma, karatasi zikashuka. Macho yalikuwa meupe kidogo, lakini huko juu Bosi alikuwa amegeuka rangi ya ini lililolala, na kikombe chake cha dhahabu kimekuwa sufuria kuukuu. Nyuma ya pazia Mama Gundi alikohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

"Umenifanya maiti!"

"Skrubu moja inalisha ukanda mzima, Bosi, kutoka juu mpaka chini. Wewe uko juu, mimi niko chini. Nikijinyima mimi, na wewe unakosa."

"Yaani mimi na wewe tuko ukanda mmoja?"

"Kwa hii karatasi, ndiyo."

Hilo lilimkera kuliko macho. Baba Pacha akashauri watengeneze pleti nyingine, picha irekebishwe kwenye kompyuta kwanza. Bosi akamuuliza kama pleti huota mtini. Kisha akatulia, akaishusha leso kidogo, sauti ikawa ya upole, na upole wa mtu yule ulitia kichefuchefu zaidi ya hasira yake.

"Kalamu ya kufutia si ipo? Fungua pleti ya njano, yafute macho. Macho tu. Vitone vikitoka, maji yatashika mahali pake, wino hautakaa. Au nadanganya?"

"Hudanganyi, Bosi." Baba Pacha alijifuta mikono kwenye suruali. "Bosi, mimi naumwa. Naomba nipelekwe hospitali kubwa."

"Futa kwanza."

"Nikifuta?"

"Kesho asubuhi dereva atakupitia nyumbani. Wewe ni mtu wetu, fundi. Hata picha inasema."

Akatoka kwenda kuvuta hewa. Mama Gundi akapenya pazia kama mwizi, akachomoa karatasi moja katika zile za kwanza, akaikunja.

"Weka chini ya shati," alinong'ona. "Wamekupiga picha wenyewe, kazini kwao, macho ndiyo hayo. Utapata wapi shahidi kama huyu?"

"Na akiniona?"

"Na usipoichukua?"

"Ameahidi kesho, Mama Gundi. Nikikamatwa na hii, hiyo kesho sina."

Mama Gundi alimtazama hayo macho yaliyoiva. "Basi mimi sijasema kitu," alisema. "Nina watoto." Akairudisha karatasi kwenye rundo na kurudi kwenye gundi yake.

Baba Pacha akaisimamisha mashine, akafungua kifuniko cha chumba cha njano, akaizungusha pleti taratibu mpaka uso wake ukamfikia. Kwenye pleti hakuna njano. Picha yote ni ya kijivu cha kijani, kama mtu aliyeonekana kwenye maji machafu. Akaweka lenzi jichoni. Vitone vilijaa pale ambapo jicho la mtu mwenye afya halina kitu. Alivitazama kwa muda. Hakuwahi kujiona kwa karibu namna ile, kioo cha nyumbani kilikuwa na ufa, na Mama Pacha alikuwa ameacha kumwambia macho yake yamefikia wapi.

Angeweza kufanya vibaya. Angeipitisha kalamu ovyo, akaacha mabaka ambayo kila mpita njia angeuliza yametoka wapi. Wazo lenyewe halikumjia. Mkono wake haukujua kuharibu kazi. Ulikuwa umefundishwa hivyo miaka na miaka, na ndicho kitu pekee ambacho kiwanda kile kiliwahi kumsifia. Alifuta kitone kwa kitone. Alizunguka mboni bila kuigusa, akaacha vitone vichache pembeni ili jicho lisionekane la sanamu. Akaosha, akapaka gundi ya kuikinga pleti, akaipangusa, akafungulia maji na wino.

Karatasi zikashuka. Bosi alikuwa na rangi ya afya, kikombe kilikuwa dhahabu, na chini yake alisimama mwanamume mnene wa tabasamu, macho meupe kama maziwa.

"Huyo ndiye fundi!" Bosi alisema, akampiga begani, kisha akaufuta mkono wake kwa leso. Akakaa palepale mpaka Mama Gundi alipolipitisha rundo lote la karatasi za mwanzo kwenye mashine ya kukatia. Kisu kilishuka, kikapanda, kikashuka. Vipande vya uso vilianguka ndani ya pipa, na Mama Gundi hakuinua kichwa.

Asubuhi Mama Pacha alimkalisha mumewe mlangoni, kavaa shati safi, kanga na sabuni vimefungwa kwenye mfuko. Pacha walikatazwa kucheza mbali wasije wakakosa kumuaga baba. Jua likapanda. Gari lilipofika, dereva hakuzima injini wala hakushuka. Aliongea kupitia dirishani, akitazama usukani.

"Kaka, nisamehe, mimi ni mtumwa tu. Bosi anasema upumzike kabisa. Daktari kasema ni pombe, na kiwanda hakiwezi kumweka mlevi kwenye mashine."

"Na hospitali?"

"Hospitali hajanitajia, kaka."

Mpaka walipoweza kufika Ofisi ya Kazi ya serikali kupeleka malalamiko, tumbo lilikuwa limekwisha kujaa na miguu haivai kiatu. Mama Pacha alimshika kiunoni wakapanda ngazi, wakipumzika kila zinapopinda. Watu waliokuwa kwenye foleni waliwapisha. Haikuwa heshima, waliwapisha kama anavyopishwa mtu aliyebeba takataka.

Afisa alikuwa akinywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akasikiliza toka mwanzo, dawa tamu, madirisha ya mbao, Mrefu, akatikisa kichwa panapostahili.

"Sasa mzee," alisema, "mimi nakuamini. Lakini kuamini si ushahidi. Nitajuaje kwamba uliugua ukiwa kazini?"

"Mtazame macho!" Mama Pacha alisema.

"Namtazama, mama. Na huyu pia namtazama." Akageuza kiti. Ukutani nyuma yake, palipokuwa na mwanga mzuri kuliko pote chumbani, ilining'inia kalenda. "Si wewe huyu? Umesimama na mashine, glavu mkononi, macho meupe. Hii imepigwa mwishoni kabisa mwa kazi yako. Wakili wao atakuja na hii tu. Atasema aliondoka mzima, akaugulia nyumbani kwake."

"Niliyafuta mimi," Baba Pacha alisema.

"Ulifuta nini?"

"Macho. Kwa kalamu. Yalikuwa ya njano, Bosi akaniambia niyafute."

Afisa alimtazama, kisha akamtazama Mama Pacha, kama mtu anayeuliza tangu lini mgonjwa ameanza kuweweseka. Mama Pacha aliinamisha kichwa. Hata yeye alikuwa akilisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Baba Pacha aliinuka kwa kushika meza. Akaburuta miguu mpaka ukutani, akaukaribia uso ule mnene, akatafuta baka, akatafuta kitone kilichobaki, alama yoyote ya kalamu. Akailowesha mdomoni ncha ya kidole akasugua jicho la kushoto, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Wino ulikuwa umekauka barabara. Hapakutoka kitu.

"Mzee, utaichafua," afisa alisema, akiinuka na kikombe mkononi. "Tumegawiwa hiyo moja tu."