Kimya Nilichokikodi Mtitila

Usiku wa jana niliota nimeletewa kimya nilichokidai, chote, kwa mkupuo mmoja.

Kwanza mnijue. Naitwa Shemweta, mshereheshaji wa harusi kutoka Dar es Salaam. Mwaka wa kumi na nne huu nalipwa kupayuka. Mwezi huu koo likagoma, daktari akanikataza kupaza sauti kwa wiki mbili, nikaona bora nikakodi nyumba kijijini. Tangazo lilisema: "Nyumba ya mapumziko, Mtitila, Dodoma. Kijiji kitulivu cha wakulima wa zabibu. Kimya kimehakikishwa." Nikaja. Alfajiri ya kwanza nikaamshwa na debe. Mwenye nyumba, Mama Ndahani, alikuwa anaamia ndege, anawafukuza kwa kulipiga, kwenye shamba lake la zabibu, hatua chache tu kutoka dirisha langu.

Jana nikamfuata shambani, mtu mzima na akili zangu, nikamsomea tangazo lake mwenyewe.

"Nisipopiga debe ndege watazimaliza, mwanangu," akasema. "Wiki ijayo tunavuna. Zabibu hizi ndizo zilizoezeka hilo paa unalolalia."

"Nakuelewa, mama. Lakini mimi nimekodi kimya."

Akalishusha debe chini. "Haya," akasema. Nikarudi ndani kifua mbele, kama niliyeshinda kesi.

Sasa ndoto yenyewe.

Nimesimama mlangoni na begi langu. Kufuli linanitazama kuanzia viatu.

"Mbukwenyi," linasalimia kwa Kigogo. "Umekuja na kelele?"

"Sina kelele. Nina begi tu."

"Na hiyo unayoongelea?"

"Hii ni sauti yangu."

"Ivue."

Naivua. Inatoka kama soksi, na kwa kweli haikuwa safi sana. Kufuli linaitundika kwenye msumari, kando ya ufunguo, na kunijulisha kwamba nitarudishiwa saa nne asubuhi, muda wa kukabidhi nyumba. Sibishi. Nimeshavuliwa viatu msikitini na mkanda uwanja wa ndege, sauti ni nini?

Sebuleni, karatasi ya masharti imekaa kwenye kochi, imekunja nne.

"Jisikie kama uko nyumbani," inaniamuru.

Papo hapo sebule inakuwa chumba changu cha Tabata. Ndoo ile ile, feni ile ile yenye mapanga mawili, na jirani yule yule amekaa kitandani kwangu anakula karanga zangu. Natikisa kichwa kwa nguvu. Karatasi inahema kama karani aliyeombwa kazi saa ya chakula.

"Wageni hamridhiki," inasema. "Haya, sharti la pili. Mandhari ya mizabibu kutoka kitandani."

Kitanda kinapita ukutani na mimi juu yake, kinakwenda kujipanga katikati ya mistari ya mizabibu. Vichala vinaning'inia mpaka kwenye blanketi. Jirani wa Tabata alibaki ukutani nusu, na sikumwonea huruma.

Lazima nikiri, kimya kilikuwa cha daraja la kwanza. Punda amevaa soksi. Jogoo anapita amebeba ubao wa chaki ulioandikwa KOKORIKOO, anatuonyesha kulia, anatuonyesha kushoto, anaenda zake. Mtoto mchanga wa nyumba ya pili analia kwa barua. Mama yake anaifungua, anaisoma mpaka mwisho, ndipo anamnyonyesha. Nikafurahi. Nasema ukweli wangu, nilifurahi sana.

Ndipo wakaja ndege.

Walikuwa wa mikia mirefu, mamia, wamepanga foleni. Wa mbele amevaa kitambulisho shingoni. Anatua kwenye ubao wa kitanda, ananiinamia.

"Ndiwe uliyeagiza kimya?" ananong'ona. "Tumekuja kukushukuru. Miaka yote tunakula hapa huku tunakimbia, tumbo halitulii kabisa. Leo wazee wetu nao wataketi."

Wakaanza. Walikula kistaarabu mno, midomo imefungwa, mbegu wanaziweka pembeni. Na kila kichala kilipoisha, bati moja liliondoka kwenye paa la nyumba, likapanda taratibu kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga. Kichala, bati. Kichala, bati.

Mama Ndahani anatokea mwisho wa mstari, peku, debe kwapani. Midomo anayo ila haitumii. Anachotumia ni kanga. Anaikunjua, maandishi ya pindoni yanasomeka: NDEGE WANAKULA, MWANANGU.

Nikamjibu kwa dole gumba, maana nilikuwa bado mjinga.

Anaigeuza. NIMEPIGA DEBE HALILII. KIMYA UMEKODI WEWE, SIWEZI KUKIVUNJA MIMI.

Anaigeuza tena, na safari hii ananisogezea machoni. MABATI YAMEBAKI TISA.

Pale roho ikaniuma. Nyumba ilikuwa ya kwake. Mimi ningekaa humo wiki mbili, nikapiga picha za mizabibu, nikaenda kujisifu mjini. Yeye angebaki na kuta na mwaka mzima wa kungoja. Nikaona aibu mpaka miguuni.

Nakimbia kwenye kufuli, naonyesha koo, naonyesha msumari.

"Saa nne," linasema kufuli.

Nalionyesha paa.

"Naliona. Saa nne."

Naingia jikoni. Karatasi ya masharti imeshafika kabla yangu, inasoma orodha ya vyombo: "Sufuria moja. Vijiko sita, vyote vimenyooka. Mgeni aviache kama alivyovikuta." Nachukua sufuria, nachomoa kijiko.

"Mimi ni wa chai," kijiko kinapinga. "Sijasomea fujo."

Napiga. Kimya. Napiga tena kwa mikono miwili, kimya kinameza mlio na kuendelea na shughuli zake. Ndege wa kitambulisho anakuja kuniarifu kwamba wamekaa kikao na wamenipa nyota tano. Usafi, tano. Utulivu, tano. "Mpangaji bora tuliyewahi kumpata," anasema. "Mwakani tutaleta na wakwe."

Bati limebaki moja.

Nikapiga mara ya tatu kwa hasira zote za miaka kumi na minne. Kijiko kikapinda shingo, kikalia "Uwii!", na kutoka ndani ya sufuria ikatoka sauti yangu mwenyewe, ile ya ukumbini, yenye mwangwi: "Mabibi na mabwana, naomba wageni wote tusimameee!"

Ndege wale walikuwa wamelelewa vizuri. Wakasimama wote kwa pamoja. Na ndege aliyening'inia kwenye kichala akijaribu kusimama anakosa pa kukanyaga, hana la kufanya isipokuwa kuruka. Wakaruka mamia kwa mamia, huku wa kitambulisho akipunguza nyota moja moja angani.

Nikaamka.

Kumekucha. Nikasikiliza. Hakuna debe, hakuna mtu. Nikasogeza pazia.

Mama Ndahani alikuwa shambani, peku kweli, anakimbia kutoka mstari hadi mstari akipunga kanga, mdomo ameufunga kabisa. Debe lake lilikuwa chini, amelizungushia gunia ili lisije likagongwa na jiwe likaniamsha. Upande anaotoka, ndege wanarudi. Wengine hawakujisumbua hata kuondoka.

Nikafungua dirisha. "Shikamoo, mama."

Akashtuka, akaweka kidole mdomoni. "Marahaba," akanong'ona. "Samahani, mwanangu. Ni hizi kanga zinapiga kelele?"

Nikaenda jikoni, nikashusha sufuria, nikavuta droo ya vijiko. Jana nilivihesabu mwenyewe mbele ya mama, kwa kujishaua, nikasaini kwamba vyote sita vimenyooka.

Vitano vilikuwa vimenyooka. Cha sita kilikuwa kimepinda shingo, na nilipokishika kilikuwa bado cha moto.

Nikatoka nacho hichohicho, na sufuria mkono wa pili, nikaelekea kwenye mizabibu.