Mpaka Rafiki Amkemee

Rafi Hasson alikuwa mteja wa Gustave kwa miaka mitatu kabla mama yake hajafariki, na katika miaka yote hiyo wembe haukuwahi kugusa shavu lake. Siku ya kwanza alipoingia katika duka lile la kinyozi la Barabara ya Louis Botha, Orange Grove, Johannesburg, alikaa kwenye kiti, akatoa mashine yake ya umeme kwenye mfuko wa karatasi na kumkabidhi Gustave. Kisha akasema kwamba yeye hanyolewi kwa wembe. Alisema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na Gustave, ambaye naye alitoka Lubumbashi, hakukitarajia Kiswahili hicho kinywani mwa mzungu mwenye kofia ndogo ya Kiyahudi. Alicheka kwanza, ndipo akauliza sababu.

Rafi alimweleza. Torati inamkataza mwanamume kuharibu pembe za ndevu zake, na walimu wa sheria walielewa kwamba kinachokatazwa ni wembe, yaani kisu kimoja kinachopita juu ya ngozi yenyewe. Mkasi ni halali, kwa kuwa hukata kwa makali mawili yanayokutana. Mashine nyingine hufanya kazi kama mkasi: ngozi iko upande huu, kisu upande ule, na katikati pana wavu mwembamba. Wapo marabi wanaozikataa hata hizo, lakini rabi wake aliichunguza hii na kuikubali. Tangu siku hiyo mashine ilibaki kwenye droo ya Gustave, na Gustave, ambaye kila kichwa alikimalizia kwa wembe, alijifunza kumaliza bila wembe.

Babu zake Rafi walitoka kisiwa cha Rodo wakaenda kuuza vitambaa Katanga, jimbo la Lubumbashi. Yeye alizaliwa huko, akaletwa Johannesburg akiwa kijana. Mama yake, Alegra, aliendelea kuzungumza naye Kiswahili maisha yake yote. Nyumbani kwao Kifaransa kilikuwa cha wageni, Kihispania cha zamani kilikuwa cha nyimbo, na Kiswahili kilikuwa cha jikoni.

Mama Alegra alipofariki, Rafi hakuonekana kwa zaidi ya mwezi. Aliporudi ilikuwa Ijumaa mchana, amefunga mapema duka lake la vitambaa kule Fordsburg kwa ajili ya Sabato. Ndevu zilikuwa zimejaa uso mzima, nyeusi kwa nyeupe. Gustave alimpa pole kwa mikono miwili. Rafi hakwenda kwenye kiti. Alikaa kwenye benchi la dirishani, akaomba chai, akazungumza habari za bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, alivyopika mama yake, kisha akaaga. Ijumaa iliyofuata alikuja tena, na nyingine tena. Hakunyoa hata siku moja.

Gustave hakugusia jambo la ndevu. Kwao, mtu akiwa kwenye kilio, wazee wa ukoo ndio wanaopanga siku ya kukimaliza. Wao ndio wanaoleta maji na kumnyoa mfiwa. Kinyozi anayetaja nywele kabla ya siku hiyo ni mtu anayetafuta wateja makaburini. Kwa hiyo alifanya kile ambacho adabu ilimtaka afanye, akazisifu.

"Zinakupendeza, Papa Rafi," alisema.

Hakuwa peke yake. Mwaka ule vijana wote wa Joburg walifuga ndevu, na madukani yaliuzwa mafuta ya kuzipaka. Wafanyakazi wa Rafi walimwambia anafanana na msanii. Rafiki zake wa ujanani, waliokwisha kuhamia Sydney na Tel Aviv, walimpongeza kwenye simu ya video. Hata Naseeb wa Tanga, aliyenyoa kwenye kiti cha pili na ambaye mwenyewe alifuga ndevu kwa kufuata suna, alimwambia, "Mashallah, mzee. Karibu chamani."

Kila aliposifiwa Rafi alitabasamu, kisha akanyamaza kidogo zaidi kuliko mwanzo. Gustave aliliona hilo, lakini hakulielewa.

Aliyemfafanulia ni Denise, mke wa Rafi. Alikuja siku moja katikati ya juma, akakaa palepale kwenye benchi la mumewe akiwa ameshika pochi magotini. Alisema Rafi halali vizuri, haendi popote isipokuwa dukani, sinagogini na hapa. Binti yao Chloé, aliyeko Cape Town, alikuwa karibu kujifungua. Akizaliwa mvulana, siku ya nane atatahiriwa akiwa amelazwa kwenye magoti ya babu yake, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Lakini Rafi alikuwa amekwisha kusema kwamba mtu aliye katika hali kama yake hawezi kumpokea mtoto.

"Si msiba wenu ni siku thelathini?" aliuliza Gustave.

"Thelathini ni kwa ndugu, kwa mke, kwa mtoto. Kwa mzazi mtu hanyoi mpaka rafiki zake wamkemee. Sheria ndivyo inavyosema. Mimi nimemkemea mpaka nimechoka, ananiambia mke hahesabiwi."

"Na rafiki zake?"

"Wanamwambia amependeza."

Gustave aliinamisha kichwa. Denise alisimama akaweka pochi begani, na alipofika mlangoni aligeuka. "Sikukuomba kitu, Gustave. Rafiki akikemea kwa kuombwa, anakuwa hajakemea."

Siku zilizofuata Gustave alinyoa watu huku akibishana na nafsi yake. Je, yeye ni rafiki? Rafi hulipa, yeye hunyoa. Hajawahi kuingia nyumbani kwa Rafi, na Rafi hajawahi kufika chumba chake cha Yeoville. Alimweleza Naseeb, na Naseeb akacheka mpaka akaweka mashine chini. Kinyozi kumwambia mtu anyoe, alisema, ni sawa na muuza majeneza kumwambia mgonjwa kwamba amechelewa. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha mzaha. Alisema kwa upole kwamba wewe ukisema kitu, mzee akiona umemvunjia heshima, hatarudi.

Hilo ndilo Gustave aliloliogopa. Lakini Ijumaa ilipofika alijaribu. Alikuwa ameyapanga maneno usiku mzima. Alisimama mbele ya benchi, akakohoa, akasema kwamba Papa Rafi sasa imetosha, ndevu hizi zimezidi, inafaa mtu ajitazame.

Rafi alimtazama, kisha akacheka taratibu, bila ubaya wowote.

"Denise alipita hapa."

Gustave akatazama sakafu iliyojaa nywele za watu.

"Usijali. Umesema kwa roho nzuri," alisema Rafi, akamaliza chai yake na kwenda.

Maneno hayo yalimuuma Gustave kuliko kama angetukanwa. Usiku ule aliona kwamba mlango ameufunga mwenyewe. Lolote atakalosema baada ya hapo litaonekana ni la Denise.

Mtoto alizaliwa Jumapili, mvulana. Jumatatu asubuhi Rafi aliingia kinyozini kabla wateja hawajaanza kufika, akatoa habari hiyo akiwa bado amesimama. Naseeb alimkumbatia. Gustave, aliyekuwa akifagia, alimshika mkono na kuutikisa muda mrefu, akauliza wanaondoka lini.

Rafi alikaa kwenye benchi. Alisema Denise ataondoka kesho. Yeye atabaki, kuna mzigo wa vitambaa unaoingia na lazima mtu awepo dukani. Babu mwingine yuko hukohuko Cape Town, atamshika mtoto vizuri tu. Chloé atatuma picha.

"Picha," alisema Gustave.

"Kwa sasa zinatosha."

Gustave aliegemeza ufagio ukutani. Hakuwa amepanga kusema neno.

"Hazitoshi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi niko na mtoto Lubumbashi. Alizaliwa mimi niko hapa tayari. Karatasi yangu ya ukimbizi, nikikanyaga Kongo, sirudi tena hapa, na nisiporudi hapa hawali. Basi ninamwona kwenye simu. Ananiita papa kwa sababu mama yake anamwambia aseme papa. Wewe uko na karatasi. Uko na ndege ya mwendo wa saa mbili tu. Na unakuja kukaa kwenye benchi langu, na hizo ndevu kama mbuzi wa sokoni, unaniambia picha zinatosha? Mama yako angekuona leo angekupiga na mwiko. Ni aibu, Rafi. Ni aibu kabisa."

Naseeb alinyoosha mkono akazima redio.

Gustave alisikia alichokisema, na zaidi ya yote alisikia kwamba amemwita mtu mzima kwa jina lake tupu. Alitazama mlango, akiona jinsi mzee atakavyotoka na asirudi tena. Akafungua mdomo.

"Papa Rafi, unisamehe, mimi..."

Rafi aliinua mkono kumzuia. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Usiyarudishe," alisema.

Akaweka viganja juu ya magoti. Nje basi dogo lilipiga honi kwenye robot, yale mataa ya barabarani, likapita. Kisha Rafi aliinuka, akavua koti, akalitundika kwenye msumari na kwenda kukaa kwenye kiti cha Gustave.

Ndevu zilikuwa ndefu mno kwa mashine, kwa hiyo Gustave alianza na mkasi. Alikata taratibu, akianzia chini ya sikio, na mafungu ya nywele yakaanguka kwenye shuka moja baada ya jingine. Zilipobaki fupi alichukua mashine, akaifuta wavu kwa kitambaa, akaiwasha. Ngozi iliyojitokeza ilikuwa nyeupe kupita sehemu nyingine ya uso, laini kama ya mtu aliyeamka kitandani baada ya homa ndefu. Kwenye kioo Rafi alijitazama bila kugeuza macho.

"Anaitwa nani?" aliuliza ghafla, midomo ikisogea kidogo tu ili asiisumbue mashine.

Gustave alidhani anazungumzia mjukuu. "Si mpaka siku ya nane ndipo mnampa jina?"

"Mtoto wako."

Gustave alisimamisha mkono.

"Marthe," alisema.

"Marthe," alirudia Rafi. "Nieleze habari zake."

Gustave alimwinua kidevu kwa kidole ili afike chini ya taya. Kisha, huku mashine ikinguruma, akaanza kueleza jinsi Marthe anavyoigeuza simu kila wanapozungumza, akaitazama kwa nyuma, akimtafuta baba mahali alipojificha.